Leseni ya lori ninayo, wa kunipa gari simpati

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi za barabarani. Anajibu msimamizi wa magari katika yadi moja ya Kizota, jijini Dodoma, ambaye kabla ya kukaa ofisini aliendesha boza la maji na tipa za mchanga.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Leseni ya daraja D ninayo muda mrefu, nimekuwa nikiendesha pikapu ya mjomba, tunabeba zabibu kutoka Hombolo na Mpunguzi kuzileta mjini, na wakati wa mavuno tunabeba magunia ya mahindi. Mwaka huu nimesoma kozi ya magari makubwa, nikafanya mtihani wa trafiki, nikaongezewa daraja E. Tangu hapo nazunguka tu. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu, mengine mitano. Wenzangu niliosoma nao wameshuka Dar es Salaam kutafuta semi za kwenda Zambia na Kongo. Mimi siwezi kuondoka. Mama yangu anaumwa kisukari na amekatwa mguu, na mke wangu amejifungua juzi juzi. Nataka lori la hapa hapa, jioni nirudi nyumbani.

Kuna mtu ananiambia nimpe laki tatu aniingize kwenye mradi wa ujenzi, eti ni pesa ya fomu na sare. Kaka yangu anasema nianze utingo, lakini naona kama ni kurudi nyuma wakati leseni ninayo. Nifanyeje mama?

Dereva asiye na gari, Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa mtoto. Mama mpe pole zangu.

Nianze na hizo laki tatu, maana mengine yanaweza kusubiri wiki moja, hilo haliwezi. Usimpe. Mkandarasi anayehitaji dereva humwita getini, humpa gari alijaribu mbele ya msimamizi, na akiridhika naye humwandikia mkataba. Fomu haiuzwi, na sare unaivaa ukiwa umeshaanza kazi. Mtu anayetaka pesa kabla hajakuonyesha gari wala saiti hana kazi ya kukupa. Vijana wamewahi kufika getini kwetu wameshika barua zenye mhuri, wamemlipa mtu wanayemjua kwa namba ya simu tu, na sisi wakati huo hatukuwa na nafasi hata moja. Inauma sana kumwambia mtu wa namna hiyo arudi nyumbani. Ukitaka mtu wa kati, kajiandikishe TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania. Ni chombo cha Serikali, na mtafuta kazi halipi kitu. Pesa uliyonayo iwe ya nauli ya daladala na chakula cha nyumbani, kwa sababu utazunguka kidogo kabla hujapata.

Sasa hiyo miaka mitatu. Matangazo ya namna hiyo nimeyaandika mimi mwenyewe, kwa hiyo nakueleza kinachokuwa kichwani mwa anayeyaandika. Tajiri ana lori moja, labda matatu, na pengine amelinunua kwa mkopo wa benki. Anaogopa lori kulala ubavu siku ya kumwaga mchanga. Anaogopa injini ichemke mpaka ife kwa sababu dereva hakutazama geji. Anaogopa mafuta kunyonywa usiku, na dereva kuzima simu. Halafu kuna hofu nyingine ambayo wenye malori ya hapa mjini wanaijua vizuri kuliko wenye semi: unamfundisha kijana, anazoea gari, na siku akipata mtu wa kumpeleka Tunduma anakuachia funguo kwa mlinzi. Anaandika "miaka mitatu" akitumaini kwamba miaka itamwondolea yote hayo. Ukimwondolea kwa njia nyingine, miaka hataitaja tena. Nimeshawapokea madereva wapya kwa sababu hiyo na nitaendelea kuwapokea.

Kwa hiyo usifike kwa mtu ukiomba uonewe huruma. Nenda na majibu ya hofu zake.

Na majibu mengine yamo kwenye barua yako, ila umeyataja kwa kupita. Umebeba zabibu, mzigo unaominyika, na ukichelewa juani mnunuzi anaukataa. Umebeba magunia, kwa hiyo unajua gari lililoshiba linavyochelewa kusimama. Huo ni uzoefu wa kubeba mali ya watu. Mwambie mjomba akuandikie barua: uliendesha gari gani, kuanzia lini, mizigo gani, njia zipi, kama hukupata ajali aseme, na aweke namba yake ya simu. Ukurasa mmoja unatosha. Tajiri wa Dodoma atampigia palepale mbele yako, kwa hiyo mjomba ajue kwamba simu itakuja. Kama ile pikapu ina faini ya trafiki iliyoandikwa kwa leseni yako, ile ya 30,000, ilipe kabla hujaanza kuzunguka. Deni hukaa kwenye mfumo na mtu anaweza kuliona.

La pili ni mama yako na mtoto. Wengi wakienda kuomba kazi wanaficha mambo ya nyumbani wakidhani yatawaharibia. Wewe yaseme. Mwambie mwenye gari: mama yangu ni mgonjwa, yuko Nkuhungu, simwachi, ndiyo maana nataka kazi ya hapa. Mwenye semi atakuona huna faida, lakini mwenye tipa ya mjini atasikia kwamba amempata dereva ambaye hatakimbilia Zambia mwezi ujao. Sababu unayoiona kama mzigo ndiyo itakayokupa gari.

Sasa uende wapi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, mji huu haujaacha kujengwa. Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko ya kilometa 112.3, na nyumba za watu kuanzia Iyumbu mpaka Nala, vyote vimekula na vinakula mchanga, kokoto, moramu (udongo wa kujengea barabara) na maji. Mizigo hiyo haitoki mbali na malori yake yanalala hapa. Lakini nafasi zake huzioni kwenye matangazo, maana zinatoka kwa midomo ya madereva. Dereva mmoja anafiwa, anakwenda kuzika Kondoa wiki nzima. Mwingine anaumwa. Tajiri anamuuliza dereva wake wa pili, "Unamjua nani?" Anayetajwa ni yule anayeonekana kila siku, hata kama kuna mwenye cheti kizuri zaidi. Kwa hiyo acha kuzunguka mji mzima ukigawa nakala za leseni. Chagua vijiwe viwili ambako malori yanasubiri wateja, au yadi yanakolala, uwe unafika asubuhi mapema kabla hayajatoka. Salimia, saidia kufunga turubai, saidia kufungua tairi lenye pancha. Watu walijue jina lako.

Ukiniuliza uanze na gari gani, nakwambia Kenta, lori dogo, la duka la hadiwea. Najua moyo wako uko kwenye Howo, lile lori kubwa la tairi kumi. Lakini Kenta inayopeleka saruji, nondo na mabati ndiyo itakayokufundisha kazi ya mjini: kuingia vichochoro vya Chang'ombe, kurudi rivasi katikati ya pikipiki na watoto, kupokea pesa ya mtu na kuifikisha, kumpata mteja asiyejua kuelekeza kwake. Mfuko wa saruji ni kilo 50, mifuko 100 ni tani tano. Hesabu hiyo uwe nayo kichwani kabla mwenye duka hajakuongezea mingine 30 "kwa sababu ni hapo tu Swaswa". Wenye maduka hayo ni rahisi kuonana nao. Usiende asubuhi wakati wanahudumia mafundi. Nenda saa nane au saa tisa mchana, umevaa viatu vya kufunika, na barua ya mjomba mkononi.

Boza la maji ni mlango mwingine. Mji umekua haraka, mabomba hayajafika kila mtaa, na mafundi wanataka maji ya kufyatulia matofali kila siku. Njia ni fupi na mwendo ni wa taratibu. Lakini usilidharau boza. Lita 10,000 ni tani kumi, na likiwa nusu ni hatari kuliko likiwa limejaa, kwa sababu maji yanatembea ndani. Ukikamata breki ghafla yanakusukuma mbele, na kwenye kona yanalivuta gari pembeni. Jifunze kupunguza mwendo kabla ya kona, usingoje ukiwa ndani yake.

Malori ya taka ya Jiji na wakandarasi wake watu hawayataki kwa sababu ya harufu. Kazi nyingi za huko zinaanza alfajiri, na kwa mtu mwenye mgonjwa saa hizo zinaweza kumfaa. Kibaigwa wakati wa mahindi wanahitaji madereva wa kutoa mzigo vijijini Kongwa na Kiteto kuuleta sokoni, ila huko utalala nje siku nyingi, kwa hiyo kwako siyo chaguo la kwanza.

Tipa ije baadaye, ukishalizoea gari zito. Nasema hivi kwa sababu nimeona tipa zikilala, na karibu zote zililala zikiwa zimesimama, zinamwaga. Ardhi ya Dodoma inadanganya. Kiangazi ni ngumu kama zege, mvua ikinyesha mara mbili udongo wa mfinyanzi unazama upande mmoja wa gari wakati bodi iko juu. Mchanga ulioloa nao unagandia kwenye kona ya bodi, upande mmoja unashuka, mwingine unabaki, gari linapoteza mizani. Kabla hujanyanyua bodi, shuka utembee pale unapotaka kumwaga. Tazama juu kama kuna waya za umeme. Fungua mlango wa nyuma, hakikisha hakuna fundi aliyesimama karibu. Na usiondoke na bodi ikiwa juu, hata hatua chache, hata mteja akikupigia kelele kwamba unamchelewesha.

Uzito pia. Tipa ya tairi kumi yenye ekseli tatu, kwa sheria ya Afrika Mashariki inayotumika hapa kwetu tangu Machi 2019, haitakiwi kuzidi tani 26 pamoja na gari lenyewe: nane mbele, 18 nyuma. Gari tupu lenyewe linakula karibu nusu ya hizo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na ukiloa inakaribia mbili. Wapakiaji wa kule machimboni wanajaza kwa macho, na mteja anataka auone mlima wa mchanga juu ya bodi. Wewe ndiye utakayesimama kwenye mizani ya Nala. Ukijua kusema "hapo panatosha" kwa upole na ukaeleza kwa nini, tajiri mwenye akili atakuthamini.

Siku utakayojaribiwa, mwanangu, jaribio linaanza kabla hujaingia garini. Mimi huwa nasimama mbali kidogo nikitazama. Kijana anayepanda moja kwa moja na kuwasha, hata awe fundi wa gia kiasi gani, kwangu amepunguza alama. Natafuta yule anayezunguka gari lote. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anapima upya. Anatazama maji ya rejeta injini ikiwa bado ya baridi. Anagusa nati za tairi, anaangalia tairi za ndani za nyuma ambazo wengi wanazisahau, anaona kama katikati yake kuna jiwe limebanwa. Anafungua mitungi ya upepo wa breki itoe maji. Anauliza bima inaisha lini, pembetatu ziko wapi, mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Akishawasha anasubiri sindano ya geji ya upepo ipande ndipo aguse breki ya mkono, na katika kusubiri huko anatega sikio kama kuna mahali panapuliza.

Kisha namwambia arudi rivasi kati ya magari mawili. Sijali akirekebisha mara kadhaa. Ninachotaka kuona ni kama anashuka kutazama anapokuwa hana uhakika. Kijana mwenye aibu hashuki, anaona watu watamcheka, na ndiye huyo anayegonga ukuta wa mtu. Barabarani natazama kama anatoa gia mteremkoni kuokoa mafuta. Akifanya hivyo jaribio limeisha, tunarudi yadi. Na natazama mwendo: kwa gari la zaidi ya kilo 3,500 sheria inampa kilometa 80 kwa saa asizidi, na kwenye makazi 50. Anayejaribiwa kazi na bado anakimbiza, akizoea atafanya nini?

Kuhusu utingo, kaka yako hajakosea, ila kuna masharti. Utingo wenye leseni E si kurudi nyuma, madereva wengi unaowaona kwenye tipa hapa mjini walipita huko. Utingo anajua gari linavyolia likiwa zima na linavyolia likiwa bovu. Lakini ufanye kwa makubaliano. Kaa na dereva na tajiri wote wawili, waeleze una leseni, na muafikiane kwamba utakuwa unalisogeza gari ndani ya yadi na machimboni, na kwamba baada ya miezi kadhaa utajaribiwa. Tajiri akikataa hata kusikia, tafuta utingo mahali pengine. Sharti la pili ni zito zaidi: dereva akichoka akakwambia kamata usukani mpaka Ihumwa, tajiri hajui, kataa. Ndiyo njia ambayo wengi wanapata udeiwaka, yaani kushika gari la mwenzako kwa siku, najua. Lakini likitokea la kutokea, mwenye gari atasema hakujui, bima itaanza kuuliza maswali, na leseni uliyoihangaikia itakuwa mahakamani. Udeiwaka mwenye gari anaoujua, sawa, ukubali hata kama ni siku moja kwa wiki.

Ukipewa kazi, uliza malipo kabla hujashika funguo. Kuna wanaolipa mshahara wa mwezi, kuna wanaolipa kwa tripu, kuna wanaotaka hesabu ya siku na kinachobaki ni chako. Hesabu ya siku kwa dereva mpya siishauri hata kidogo. Gari likikaa gereji nusu siku utaanza kukimbiza ili ufidie, na hapo ndipo watu wanapoumia. Uliza nani analipa pancha, nani analipa faini, chakula ni cha nani. Omba maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Matajiri wengi wa lori moja hawajawahi kuandika mkataba. Andika wewe karatasi moja, mambo hayo hayo, mpe asaini. Uliza na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Asipoiweka leo, ulizia tena baada ya muda wa majaribio.

Na weka jicho kwenye nafasi za Serikali kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Kwa Dereva Daraja la II huwa wanataka kidato cha nne, leseni daraja E au C uliyoifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA, chuo cha ufundi cha Serikali, au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Umeona? Ni mwaka mmoja, siyo mitatu. Mwaka wako kwenye Kenta ya saruji, ukiwa na barua ya mwenye duka, unakutosha kuomba. VETA ipo hapa hapa Dodoma, kama cheti chako ni cha shule isiyotambulika kaulize kozi yao mapema.

SWALI

Dada yangu, mimi nina Kenta, naishi Kikuyu. Nilimwajiri kijana mwenye leseni mpya nikasema nimsaidie. Wiki iliyopita alikwenda kuchukua samaki Mtera, tairi la nyuma likapasuka na kuharibu ringi, samaki wakachelewa, nimepata hasara. Nataka nimkate mshahara wote wa mwezi ili ajifunze. Mke wangu ananikataza. Unasemaje?

Mwenye Kenta, Kikuyu

JIBU

Pole kaka kwa hasara, samaki ni mzigo usio na subira. Lakini msikilize mkeo.

Kwanza hujaniambia tairi hilo lilikuwa na umri gani na gari lilibeba kiasi gani. Tairi lililochakaa linapasuka hata kwa dereva wa miaka ishirini, na barabara ya Mtera mchana wa jua inapasha moto tairi kweli kweli. Kalitazame. Kama uzi ulikuwa umeanza kuonekana, au ulimwambia aongeze matenga, hapo huwezi kumhesabia kosa.

Pili, sheria ile ile ya ajira ya 2004 hairuhusu umkate mshahara wote. Ili umkate kwa uharibifu, lazima awe ameafiki kwa maandishi, uharibifu uwe umetokea kazini kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kubisha, usimdai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Ukimnyima mwezi mzima anaweza kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapo utatumia siku nyingi kuliko bei ya tairi.

Ninavyoona mimi, kaa naye chini akusimulie. Alisikia nini kabla halijapasuka? Gari lilianza kuvuta upande? Alikuwa mwendo gani? Alisimama wapi, akaweka pembetatu? Akikueleza bila kujificha, huyo ni kijana wa kubaki naye. Kisha pangeni: kila asubuhi apime upepo wa tairi zote, aandike kwenye daftari, na wewe ulione daftari hilo kila Jumamosi. Kijana mpya anayekatwa mshahara wote kwa kosa ambalo pengine si lake anajifunza jambo moja tu, kukuficha litakapotokea lingine.

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mwanamke, nipo Singida, nina daraja E na kozi nimesoma NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kila yadi ninayokwenda wananiambia lori si kazi ya mwanamke. Je, nihamie Dodoma?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kuhama kabla hujapata kazi sikushauri, kodi ya nyumba hapa imepanda. Singida msimu wa alizeti viwanda vya kukamua mafuta vinahitaji magari ya kuleta mbegu, anza huko. Yadi za mtu mmoja mmoja ndizo ngumu kwetu. Miradi mikubwa ya ujenzi na taasisi za Serikali wana taratibu za kuajiri zilizoandikwa, na cheti cha NIT wanakijua, kwa hiyo peleka maombi yako huko kwanza. Wakikuita kwenye jaribio Dodoma, panda basi la alfajiri uje na leseni halisi, siyo nakala tu, na viatu vya kazi. Uliza pia kabla hujasaini kama saiti ina choo na mahali pa kubadilishia nguo. Nimefanya kazi mahali ambapo havikuwepo, na ni jambo la kulizungumza siku ya kwanza.